Joto la Ekzosi katika Magari ya Chama Yenye Tabo

Kuanzia mwezi wa Mei, mvua zikishakatika, magari ya vyama katika uwanda wa kati huwa hayapumziki. Alizeti hutoka Kondoa na Singida, mahindi hukusanyika Kibaigwa, na ifikapo Agosti na Septemba zabibu za Hombolo, Mpunguzi na Mvumi hupakiwa jioni ili ziwahi soko la Dar es Salaam kabla hazijanyauka. Katika miezi hiyo gari moja likilala gereji kwa muda wa wiki mbili, hasara yake haiishii kwenye ankara ya fundi. Mkulima aliyekwisha kukata zabibu zake hana mahali pa kuziweka zikamngoja. Huuza kwa yeyote anayefika shambani, kwa bei anayotaka mfikaji huyo.

Sababu za magari kulala ni nyingi, na baadhi yake hazina dawa ya haraka. Lakini iko sababu moja ambayo madereva huifahamu kwa pua kabla ya kuifahamu kwa macho: harufu ya mpira unaoungua, gari likiwa katikati ya mlima na shehena yake yote. Dereva husimama, hufunua boneti, na kukuta hozi imelainika kama ugali au waya umevuliwa ganda lake. Hufungwa kipande cha mpira wa tairi, safari huendelea, na jambo husahauliwa hadi mara ya pili. Mara ya pili yaweza kuwa moto.

Makala haya yanaeleza joto hilo linatoka wapi, kwa nini ni kubwa zaidi katika magari yenye tabo, na mambo gani chama chaweza kufanya kwa fedha kidogo. Neno boneti limetumika kwa urahisi tu. Katika malori ambayo kabini yake imekaa juu ya injini na hulazwa mbele, maelezo ni yale yale, na pengine yanahusu zaidi, kwa kuwa nafasi iliyo chini ya kabini ni finyu na dereva amekaa juu yake.

Tabo na hewa nyepesi ya uwanda wa juu

Tabo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyounganishwa kwa shafti moja. Gurudumu la kwanza limekaa katika njia ya moshi. Moshi unaotoka injini kwa nguvu hulizungusha. Kwa kuwa shafti ni moja, gurudumu la pili nalo huzunguka, na kazi yake ni kuvuta hewa safi na kuisukuma ndani ya silinda kwa shinikizo. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yaweza kuchomwa vizuri, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Aliyebuni njia hiyo ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyeomba hataza yake mwaka 1905. Katika injini ndogo za siku hizi shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo huelea juu ya utando mwembamba wa oili.

Kwa mkoa wa Dodoma tabo si anasa. Mji wa Dodoma uko mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho shinikizo la hewa limepungua kwa kiasi cha asilimia 12 likilinganishwa na la Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupata hewa pungufu kwa kadiri hiyo hiyo, na dereva huhisi upungufu huo anapopanda. Tabo hurudisha hewa iliyopotea. Lakini hairudishi bure: hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kuliko ambavyo ingezunguka pwani, na moshi unaoizungusha huwa wa moto zaidi. Faida ya tabo na adha ya joto lake hupanda mlima pamoja.

Ukubwa wa joto lenyewe yafaa ueleweke. Katika kila lita 10 za dizeli zinazochomwa, nguvu ya lita 3 hadi 4 tu ndiyo inayosukuma gari. Iliyobaki hugeuka kuwa joto. Sehemu yake huchukuliwa na maji ya rejeta, na sehemu nyingine, ambayo takriban ni sawa na ile inayosukuma gari, hutoka na moshi. Injini ya dizeli ikifanya kazi nzito, moshi unaoingia katika tabo huwa na joto la nyuzi 500 hadi 700 za Sentigredi. Katika injini za petroli zenye tabo huweza kupita nyuzi 900. Katika gari lisilo na tabo moshi huo hukimbilia bombani na kwenda zake. Katika gari lenye tabo huzuiliwa kwanza, hukazwa ndani ya nyumba nzito ya chuma iliyobanwa ubavuni mwa injini, na chuma hicho hubaki na moto muda mrefu baada ya mlima kwisha. Dereva anayesafiri usiku akifunua boneti mara tu baada ya kupanda mlima mrefu huweza kuona chuma hicho kikiwa chekundu.

Joto linavyofika mahali lisipotakiwa

Mtu aliyewahi kukaa karibu na mafiga anazijua njia tatu za joto bila kufundishwa. Ukishika mpini wa chuma wa sufuria, joto hukufikia kwa kupita katika chuma chenyewe. Ukiweka mkono juu ya moto, hewa ya moto inayopanda hukuunguza. Na ukikaa kando, pasipo kugusa chochote na pasipo upepo kukuelekea, uso wako hupata moto kutokana na mng'ao wa makaa. Njia hiyo ya tatu ndiyo ambayo mafundi wengi huisahau, na ndiyo yenye madhara makubwa karibu na tabo. Nguvu ya mng'ao haipandi sawasawa na joto la chuma. Chuma kikitoka nyuzi 300 kufikia nyuzi 600, joto linalong'ara kutoka kwake huongezeka zaidi ya mara tano. Ndiyo maana waya uliodumu miaka mingi katika gari linalotembea tambarare huweza kuharibika katika mlima mmoja.

Vitu vinavyoumia ni vile vyenye asili ya mpira, plastiki na vimiminika. Mpira wa kawaida wa hozi huanza kukauka na kupasuka ukikaa kwa muda mrefu katika joto lililozidi nyuzi 120 hadi 150. Ganda la nyaya nyingi za umeme halivumilii hata kiasi hicho. Hapa lazima itajwe tabia moja iliyoenea: fundi wa umeme anapokosa waya wa gari hununua waya wa nyumba dukani na kuuunga. Waya wa kawaida wa nyumba umetengenezwa kwa joto la nyuzi 70. Ukipitishwa karibu na ekzosi, ganda lake huyeyuka, shaba hugusa chuma, na fyuzi hukatika. Iwapo fyuzi nayo iliwahi kufungwa kwa karatasi ya sigara, kitakachoungua ni gari.

Oili ya breki ina hatari ya namna yake. Katika magari madogo na malori mepesi, breki na klachi huendeshwa na oili hiyo. Ile ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya hutakiwa isichemke kabla ya kufikia nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na ikishachanganyika na maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Bomba lake likipita karibu na ekzosi isiyo na kinga, oili huchemka ndani ya bomba, mvuke hujaa, na pedali huzama hadi sakafuni. Dereva atasema breki zimekufa ghafla. Fundi atazikagua gari likiwa limepoa na kuzikuta nzima.

Tena iko dizeli yenyewe. Huweza kuwaka bila cheche ikifikia joto la nyuzi 250 hivi, na nyumba ya tabo hupita kiwango hicho mbali. Bomba dogo la dizeli linalovuja matone, ambalo katika gari lisilo na tabo lingeleta hasara ya mafuta tu, linapokuwa juu ya tabo ni jambo la kusimamisha gari siku hiyo hiyo. Hali kadhalika makapi ya alizeti, vumbi la pamba na majani makavu yanayojikusanya juu ya injini wakati wa kupakia. Mkoa wa Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki kila kilichomo chini ya boneti ni kikavu kama kibiriti.

Kibati kinachotupwa

Waliotengeneza magari hawakusahau mambo haya. Karibu kila gari lenye tabo hutoka kiwandani likiwa na vibati vya kinga: bati jembamba, mara nyingine la tabaka mbili, lililofungwa kwa bolti ndogo kuzunguka manifodi na tabo, na jingine kati ya ekzosi na sakafu ya kabini. Kibati hicho hakifanani na kitu cha maana. Hakizunguki, hakipitishi oili, hakiwashi chochote. Baada ya miaka michache katika barabara za vumbi bolti zake hulegea na kibati huanza kupiga kelele. Gari linapofika gereji kwa sababu nyingine, fundi hukivua ili apate nafasi ya kuingiza spana, bolti moja iliyoota kutu hukatika, na kibati huwekwa kando ya ukuta. Gari huondoka bila kibati. Kelele imekwisha, dereva amefurahi, na hakuna aliyetozwa fedha.

Huo ndio mwanzo wa sehemu kubwa ya maharibiko yaliyoelezwa hapo juu, na inashangaza jinsi usivyoandikwa popote. Vitabu vya chama vitaonyesha hozi mpya, waya mpya, betri mpya, hozi mpya tena. Havitaonyesha kibati. Mkaguzi akiuliza kwa nini matengenezo ya gari moja yamepanda mwaka hadi mwaka, katibu hana la kujibu, kwa kuwa kitu kilichosababisha hasara hakikununuliwa wala hakikuuzwa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya halihitaji fedha: gari linapopelekwa kwa fundi, vibati vya kinga vihesabiwe na kuandikwa katika daftari la gari, na linaporudi vihesabiwe tena kabla ya malipo.

Ikiwa kibati kimekwisha kupotea, kipya huweza kutengenezwa na fundi bati yeyote mwenye mkono mzuri, almuradi aelezwe mambo matatu. Kibati hakitakiwi kugusa chuma cha moto. Kazi yake hufanywa na nafasi ya hewa iliyo kati yake na ekzosi, nayo isipungue upana wa kidole kimoja. Kikifungwa kwa kubana kabisa, chenyewe hugeuka kuwa ekzosi ya pili. Bolti zake zifungwe kwa washa, na matundu yaachwe mapana kidogo, kwa kuwa bati hutanuka likipata moto, na lisipoachiwa nafasi ya kutanuka hupasuka penye bolti.

La tatu ni aina ya bati. Mabati ya kuezekea nyumba yamepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419. Bati hilo likiwekwa karibu na tabo, zinki huyeyuka na kutoa moshi ambao ukivutwa huleta homa na maumivu ya kifua. Yafaa litumike bati jeusi la chuma lisilopakwa kitu. Aluminiamu ni nzuri kwa kuwa hung'aa, na uso uliong'arishwa hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya joto la mng'ao, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Mahali pake ni mbali kidogo, upande wa hozi na nyaya, kamwe si juu ya nyumba ya tabo. Uso wake ukijaa masizi na oili, faida yake hupotea, kwa hiyo ufutwe kila injini inapooshwa.

Wako wanaopendelea kuifunga ekzosi kwa utepe wa nyuzi za kioo, unaouzwa katika maduka ya vipuri. Utepe huo husaidia kweli: joto hubaki ndani ya bomba, na moshi unaobaki na joto huzungusha tabo vizuri zaidi. Lakini una masharti. Manifodi ya chuma cha kumimina ikifungwa hivyo huweza kupata moto kupita kiasi chake na kupasuka. Bomba la chuma laini hushika kutu chini ya utepe wakati wa masika. Na utepe uliolowa oili au dizeli hauna tofauti na utambi wa taa. Chama ambacho injini yake inavuja kitengeneze kwanza uvujaji. Ama kamba na vitambaa vya asbesto vilivyokuwa vikitumika zamani kwa kazi hii, visitumike tena hata vikipatikana bure. Vumbi lake huleta maradhi ya mapafu, yakiwemo saratani, na huwapata mafundi miaka mingi baadaye.

Hewa ya kupoza

Joto likishakingwa lisiangukie vitu vyepesi kuungua, hapana budi lipate njia ya kutoka. Hewa huingia kwa mbele kupitia rejeta, huizunguka injini, na kutokea chini na nyuma. Hapa uwanda wa kati una shida yake ambayo dereva wa pwani haijui. Katika kiangazi upepo wa Dodoma huvuma sana kutoka mashariki na kusini-mashariki. Lori linalotoka Morogoro, mahali penye mita zipatazo 500, na kupanda kuelekea Gairo na Kibaigwa, mara nyingi huwa na upepo mgongoni. Likienda kilomita 30 kwa saa na upepo nao ukivuma kwa kasi hiyo hiyo, mbele ya rejeta hewa imetulia kana kwamba gari limesimama. Kila kitu hutegemea feni. Njia ya Iringa ina mtihani mwingine: kutoka Mtera, penye mita karibu 700, hadi Iringa penye zaidi ya mita 1,500, mlima wa Nyang'oro ukiwa katikati.

Kwa sababu hiyo kava la plastiki linaloizunguka feni si pambo. Likivunjika na kuondolewa, feni huzungusha hewa ile ile ya moto iliyo nyuma ya rejeta badala ya kuvuta mpya. Rejeta yenyewe huzibwa na mbegu za majani, vumbi na wadudu. Ioshwe kwa maji yanayopita kutoka upande wa injini kwenda nje, si kutoka mbele, maana kuosha kutoka mbele ni kuusukuma uchafu ndani zaidi. Magari mengi yenye tabo yana pia intakula, ambayo ni mfano wa rejeta ya kupoza hewa iliyobanwa na tabo. Hewa hiyo huweza kutoka kwenye tabo ikiwa na joto linalozidi nyuzi 100. Intakula ikizibwa, injini hupoteza nguvu, dereva hukanyaga zaidi, na moshi huzidi kuwa wa moto. Kila hewa inayoingia injini inapoongezeka joto kwa nyuzi 10, uzito wake hupungua kwa kiasi cha asilimia 3. Ndiyo maana bomba la kuvutia hewa lisiachwe limekatika chini ya boneti na kuvuta hewa iliyokwisha kupata moto.

Baadhi ya madereva huinua sehemu ya nyuma ya boneti kwa washa ili joto litoke karibu na kioo. Gari likienda polepole mlimani njia hiyo husaidia kidogo. Likikimbia, hewa iliyo chini ya kioo huwa na shinikizo kubwa na huingia badala ya kutoka, na harufu ya injini huelekea kabini. Haidhuru sana, lakini isihesabiwe kuwa tiba.

Joto lililozidi ni dalili

Hata hivyo, kibati na upepo havitoshi ikiwa injini yenyewe inatengeneza joto kuliko inavyopaswa. Filta ya hewa iliyojaa vumbi huinyima injini hewa; mafuta hayachomeki vizuri, moshi huwa mweusi, na joto la ekzosi hupanda. Mtu anayeidharau filta katika vumbi la Kongwa angesoma habari za mpango wa karanga wa mwaka 1947 hadi 1951, ambapo serikali ya Uingereza ilileta Kongwa matrekta mengi, baadhi yakiwa yamekwisha kutumika vitani, na ardhi ya huko ikayala kwa kasi ambayo waliopanga mambo London hawakuitazamia.

Jambo baya zaidi ni kufunguliwa kwa pampu. Dereva hulalamika kwamba gari halina nguvu, fundi huongeza dizeli kwa kugeuza skrubu ya pampu, na gari hupanda mlima kwa furaha huku likiacha wingu jeusi nyuma. Wingu hilo ni dizeli ya wanachama isiyofanya kazi. Joto la ekzosi hupanda kwa mamia ya nyuzi, na mwisho wake ni manifodi iliyopasuka, tabo iliyokufa au pistoni iliyotoboka. Kuzidisha mzigo kunaleta mwisho huo huo kwa njia ndefu zaidi kidogo.

Gasketi ya manifodi ikiungua, moshi hupenya kama ulimi wa moto na kuunguza chochote kilicho mbele yake. Dalili zake ni mstari mweusi wa masizi penye kiungo na sauti ya tik-tik-tik injini inapowashwa ikiwa baridi. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, nayo ikiingia kabini humletea dereva usingizi na kuumwa kichwa. Nati za manifodi zikazwe injini ikiwa baridi.

Dakika za kupumzisha injini

Tabo hupozwa na oili, na katika magari mengi na maji pia. Injini ikizimwa ghafla baada ya mlima, pampu ya oili husimama wakati shafti bado iko ndani ya chuma chenye moto mkali. Oili iliyobaki kwenye bushi huungua na kuwa mkaa mgumu, ambao hukwaruza bushi na kuziba njia ya oili. Baada ya kuzimwa hivyo mara nyingi, tabo huanza kulia, kisha kuvuja, kisha kufa. Dawa ni kuiacha injini iungurume polepole kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kuizima.

Wanachama wengine huona huko ni kuchezea mafuta. Ifanywe hesabu. Lori la kawaida likiunguruma bila mwendo hutumia lita 2 hadi 3 kwa saa. Dakika 5 ni robo lita, au chini yake. Katibu na aichukue bei ya robo lita ya dizeli ya siku hiyo, ailinganishe na ankara ya tabo, na aisome mbele ya mkutano.

Gari lililochemsha mlimani lisimwagiwe maji juu ya tabo wala manifodi. Chuma cha kumimina hupasuka kikipozwa ghafla. Wala kifuniko cha rejeta kisifunguliwe. Katika kimo cha Dodoma maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, ilhali yale yaliyo ndani ya rejeta yamebanwa na huweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa, maji hayo hulipuka mara moja kuwa mvuke usoni mwa aliyefungua. Lisiegeshwe pia juu ya majani makavu kandoni mwa barabara, bali juu ya udongo mtupu.

Moshi ukionekana kutoka chini ya boneti, injini izimwe papo hapo bila kungoja dakika zozote, watu washuke, na boneti isifunuliwe yote; hewa nyingi ikiingia ghafla moto huruka. Ifunuliwe kidogo tu, kiasi cha kupitisha mdomo wa kizimamoto cha unga. Pasipokuwa na kizimamoto, mchanga hufaa, maji hayafai juu ya mafuta yanayowaka. Kizimamoto kiwekwe mahali ambapo utingo hukifikia bila kupanda juu ya magunia.

Kupima mafanikio ya kazi hii siku hizi ni rahisi. Vipo vipimajoto vidogo vya kushika mkononi ambavyo huelekezwa kwenye kitu na kusoma joto lake bila kukigusa, na chama kimoja chaweza kununua kimoja na kuazimana na jirani zake. Hosi, nyaya na bomba la breki zipimwe gari likiwa limefika tu kutoka mlimani, kabla na baada ya kufungwa kibati, na tarakimu zote mbili ziandikwe katika daftari la gari pamoja na tarehe. Kipimajoto hicho hudanganyika juu ya uso unaong'aa na kusoma joto dogo kuliko lililopo. Penye aluminiamu au bomba la kung'aa, pakwe doa la masizi upana wa shilingi, likauke, ndipo pelekezwe kipimo hapo.